Saratani ya kongosho au kuvimba kwa muda mrefu? Kwa nini tumbo hufunguliwa na bado jibu likakosekana

Kongosho si kiungo kinachozungumzwa sana barazani. Sukari na presha zina wenyewe, figo nazo siku hizi zina wenyewe. Lakini kongosho likimgonjeza mtu, habari zinazotoka thieta huwa zinawachanganya jamaa kiasi cha kugombana. Familia moja huambiwa kuwa kinyama kimetolewa na saratani haikuonekana, wakashukuru, kisha miezi michache baadaye mgonjwa akarudishwa hospitali na saratani imeshafika kwenye ini. Familia nyingine huambiwa kuwa dalili zote ni za saratani na lazima pakatwe. Mgonjwa hukatwa, akalala hospitali wiki mbili tatu, halafu ripoti ya maabara ikaja kusema haikuwa saratani, ilikuwa ni kongosho lililovimba kwa muda mrefu. Kahawa haijapoa, hukumu imeshatolewa: daktari hajui kazi.

Nimeletewa visa vya aina zote mbili na wasomaji wa safu hii, na ndipo nilipoona bora niandike. Mimi si daktari. Nina diploma ya maabara ya tiba, na nilifanya kazi hiyo kabla ya kuingia kwenye uandishi, kwa hivyo upande wa hadubini naujua kuliko upande wa kisu. Ninachotaka msomaji akielewe ni hiki: majibu yote mawili yanaweza kutoka kwa daktari hodari aliyefanya kazi yake vizuri. Uzembe upo, na ukiwepo uulizwe. Lakini kwenye kongosho kuna shaka ambayo haitokani na uzembe, na mgonjwa ana haki ya kuijua kabla ya kutia sahihi ile fomu ya oparesheni.

Kongosho na jirani zake

Kongosho ni tezi yenye urefu wa kama sentimita 15, iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mkia wake unafika kwenye bandama. Hutoa maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta, na hutoa insulini ya kudhibiti sukari. Mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini hupita ndani ya kichwa chake kabla ya kuingia utumboni, na nyuma yake imepita mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kwenye ini na matumbo.

Mahali hapo ndipo penye taabu. Chochote kikivimba kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo, macho yakawa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, ngozi ikawasha. Mwili haujali kama kilichobana ni saratani au kovu, kwa sababu mrija ni ule ule na dalili ni zile zile.

Kuvimba kwa muda mrefu, ambako madaktari wanakuita pankriataitisi sugu, ni hali ya kongosho kuumia kidogo kidogo kwa miaka mpaka nyama yake laini ikageuka kuwa makovu. Mara nyingi huwa na vijiwe ndani ya mirija. Mgonjwa huumwa na tumbo linalochoma hadi mgongoni, hukonda, choo huwa na mafuta na huelea, na baadaye hupata sukari. Pombe ni sababu kubwa duniani, na sigara ni sababu inayojitegemea, hata kwa asiyekunywa.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kwetu Pwani jambo hili lina madhara yake. Mtu akiambiwa ana pankriataitisi, wapo wanaotafuta kwenye simu, wakasoma neno pombe, na heshima ya mtu ikaanza kutafunwa kabla hajatoka wodini. Si haki. Ziko sababu nyingine nyingi. Kuna ya kurithi, inayopita kwenye ukoo. Kuna inayotokana na kinga ya mwili kulishambulia kongosho, nitaieleza mbele. Na kuna aina inayojulikana kama pankriataitisi ya nchi za joto, inayoanza ujanani kwa watu wasioonja pombe kabisa, yenye vijiwe vikubwa na sukari. Zuidema aliieleza mwaka 1959 kutoka Indonesia, na baada yake Geevarghese akakusanya wagonjwa wengi sana huko Kerala, kusini mwa India, pwani ambayo majahazi yetu yameijua kwa karne nyingi. Muhogo ulishukiwa muda mrefu kuwa ndio chanzo, kwa kuwa watu wa Kerala wanaula sana, lakini haikuthibitishwa. Baadaye hitilafu za jeni, hasa moja iitwayo SPINK1, zilionekana kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Kwa hivyo muhogo wa nazi uleni, na mgonjwa mwacheni na heshima yake.

Mahali maradhi haya mawili yanapokutana

Lau saratani ingekuwa kitu kimoja na makovu kitu kingine, mbalimbali kabisa, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini yameingiliana kwa njia tatu.

Kwanza, saratani ya kongosho ya aina iliyo ya kawaida zaidi huota ndani ya makovu inayoyatengeneza yenyewe. Ukichukua kinyama kutoka kwenye uvimbe wake, sehemu kubwa utakayoiona chini ya hadubini ni nyuzi za kovu, na seli za saratani zimetawanyika humo chache chache. Uvimbe ni mgumu ukishikwa, lakini ugumu huo ni wa kovu, na kovu ndilo lililo pia kwenye pankriataitisi.

Pili, saratani ikiziba mfereji mkuu wa kongosho, maji yanakwama nyuma yake, na sehemu iliyobaki inavimba na kufanya makovu. Maana yake ni kuwa mgonjwa wa saratani huwa na pankriataitisi ya kweli pembeni ya saratani yake. Sindano ikiingia sentimita moja kando, itatoa pankriataitisi, na ripoti itakuwa ya kweli kwa kinyama kile ilhali si ya kweli kwa mgonjwa.

Tatu, pankriataitisi ya miaka mingi yenyewe inaweza kuzaa saratani. Uchunguzi wa Lowenfels na wenzake uliochapishwa mwaka 1993, uliofuatilia wagonjwa 2,015 wa nchi sita, ulikuta kuwa baada ya miaka 10 kiasi cha 1.8 kati ya kila 100 walikuwa wamepata saratani ya kongosho, na baada ya miaka 20 kiasi cha 4. Si wengi, na wengi wa wagonjwa hawa hawatapata saratani kamwe. Ila daktari anayemwona mgonjwa wake wa zamani ameanza kukonda upya au macho kuwa manjano hawezi kusema kwa raha kuwa ni yale yale ya siku zote.

Kabla ya kisu

Vipimo vya nje husaidia sana na havifai kurukwa. Maumivu ya miaka mingi kwa mtu wa makamo, pamoja na vijiwe vinavyoonekana kwenye skani ya CT, huelekeza kwenye pankriataitisi. Macho manjano bila maumivu, kukonda kwa haraka, na kifuko cha nyongo kilichojaa hadi kushikika bila kuuma, kwa mtu aliyepita miaka 60, huelekeza kwenye saratani. Sukari mpya kwa mtu aliyevuka miaka 50, hasa akiwa anakonda badala ya kunenepa, ni jambo la kuangaliwa, ingawa kati ya watu 100 wenye sukari mpya wa umri huo, hata mmoja kamili hafiki atakayekutwa na saratani ya kongosho katika miaka mitatu. Msianze kuogopana.

Kwenye picha, mfereji wa kongosho na mrija wa nyongo vikiwa vimetanuka vyote viwili na kukatika ghafla mahali pamoja, saratani inashukiwa sana. Mfereji ukionekana unapenya katikati ya uvimbe bila kukatika, matumaini ya kuwa ni kuvimba tu huongezeka. Yote mawili yana vighairi vyake.

Kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 kimekuwa maarufu, na watu hunipigia simu wakiwa na karatasi mkononi kuuliza maana yake. Kiwango cha kawaida ni chini ya 37. Lakini nyongo ikiziba kwa sababu yoyote ile, hata kwa jiwe, namba hupanda. Kuna na watu ambao damu yao haiwezi kabisa kuitengeneza kemikali hiyo kwa sababu ya kundi lao la damu la Lewis, na sisi watu wa asili ya Kiafrika tuna wengi zaidi wa aina hiyo. Huyo anaweza kuwa na saratani kubwa na karatasi ikasoma sawa. Ni kipimo cha kusaidia, hakitoshi kuhukumu peke yake.

Kipo na kinyama kinachochukuliwa kwa sindano kupitia mpira wenye ultrasaundi unaomezwa mpaka tumboni. Ndiyo njia bora ya kupata kinyama bila kupasua, lakini vifaa na wataalamu wake si wa kila hospitali, na hata panapo vyote, usahihi wake hupungua pale saratani inapojificha ndani ya pankriataitisi sugu. Hivyo hivyo wagonjwa hufika thieta na swali lao mkononi.

Ndani ya thieta

Daktari akishafungua, hakimbilii kongosho. Huanza na ini, utando wa tumbo na tezi za limfu, akitafuta vijidoa vyeupe. Hospitali nyingine hutanguliza kamera ndogo kwa tundu dogo kwa kazi hiyo hiyo. Akiona kidoa kwenye ini hukikata na kukipeleka maabara papo hapo. Hapa jibu la maabara lina nguvu kuliko pengine popote, kwani kikiwa ni saratani iliyosambaa, kukata kongosho hakutamsaidia mgonjwa. Atapitishiwa njia mpya ya nyongo na ya chakula apate nafuu, kisha tumbo lifungwe. Lakini vidoa vingine vya ini ni vijirija vya nyongo visivyo na dhara ambavyo mtu alizaliwa navyo, na kwa macho matupu vinafanana na saratani. Bila maabara, mtu anaweza kunyimwa oparesheni iliyokuwa ni haki yake.

Baada ya hapo daktari hulegeza utumbo mdogo kutoka ubavuni, akakipitisha kiganja nyuma ya kichwa cha kongosho na kukishika baina ya vidole. Vitabu vya zamani vilisifu sana mkono wa mpasuaji. Mkono unasaidia kujua ukubwa, na kama uvimbe umeshikamana na mishipa ya damu. Kujua kama ni saratani, hapana, kwa sababu kovu na saratani zote ni ngumu kama mbao. Wengine huweka ultrasaundi moja kwa moja juu ya kongosho kutafuta mahali penye uvimbe hasa na kuiongoza sindano.

Kuchukua kinyama cha kongosho lenyewe ni jambo linaloogopwa, na lina sababu. Kongosho likitobolewa linaweza kuvuja maji yanayosaga nyama, likavuja damu, au likavimba kwa ghafla. Kwa hivyo wapasuaji wengi hupitisha sindano nene kupitia ukuta wa utumbo mdogo hadi kwenye kichwa cha kongosho, ili tundu likivuja, livujie ndani ya utumbo. Tena ikiwa hatimaye kichwa kitakatwa, njia ya sindano yote inatoka pamoja nacho.

Dakika 20 za maabara

Kinyama hicho hakitiwi kwenye fomalini. Huletwa kibichi, upesi, mara nyingi kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Kwa kawaida kinyama hulowekwa fomalini, kikatiwa ndani ya nta, kikakatwa na kupakwa rangi, kazi ya siku kadhaa. Hapa hakuna siku, mgonjwa amelala tumbo wazi. Basi kinyama hugandishwa kwenye mashine yenye baridi ya kama nyuzi 20 chini ya sufuri, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kikapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Mtaalamu wa patholojia hukisoma na kupiga simu thieta. Shabaha ni dakika 20 hivi tangu kinyama kufika.

Anatafuta nini? Mwaka 1981 Hyland na wenzake walichapisha alama walizozipata kwa kuchunguza vinyama 64 vya namna hii, na hadi leo zinafundishwa. Alama kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ukubwa wa viini vya seli: katika tezi moja hiyo hiyo, kiini kimoja kikiwa kikubwa mara nne au zaidi kuliko jirani yake, hiyo ni saratani mpaka ithibitike vingine. Ya pili ni mirija isiyokamilika, yaani duara la seli lililokatika upande. Ya tatu ni mpangilio. Fikiria shamba la minazi lililopandwa kwa mistari. Minazi ikifa nusu kwa ukame, bado utaona mistari yake, na pankriataitisi iko hivyo, nyama imekufa lakini mirija iliyobaki imekaa katika vikundi vyake vya asili. Saratani ni magugu, huota popote, mrija mmoja huku, mwingine kule, bila utaratibu.

Kisha ziko alama ndogo, na miongoni mwao kuna moja ambayo mimi naiona ni nzito kuliko jina lake: seli zinazoonekana kuizunguka neva au kuingia ndani yake. Saratani ya kongosho hupenda sana kufuata neva, na ndiyo sababu maumivu yake ya mgongo ni makali. Mrija ukikutwa umegusana na shahamu tupu bila kovu lolote kati yao, au umekaa ubavuni mwa mshipa wa damu wenye misuli, nayo ni ishara mbaya, kwa sababu mirija ya kawaida haikai hapo.

Lakini hata hapo pana mtego. Kwenye pankriataitisi sugu, vile visiwa vya seli zinazotoa insulini hubaki wakati nyama nyingine imekwisha, vikakusanyika, na wakati mwingine vikaonekana vimeizunguka neva. Asiyezoea ataviita saratani. Na kugandisha kwenyewe hutengeneza chembe za barafu zinazoharibu sura ya seli. Hivyo mtaalamu mwenye busara ana majibu matatu: ni saratani, sioni saratani, au nisubiri kipande cha nta. Hilo la tatu si woga. Mpasuaji anayemlazimisha mtu wa maabara aseme ndiyo au la kwa kinyama kisichosema chochote anamtafutia mgonjwa wake madhara.

Jibu la ndiyo na jibu la la havina uzito sawa

Ndugu msomaji, kama utasoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii. Mtaalamu mzoefu akisema ni saratani, karibu kila mara ni saratani. Akisema sioni saratani, maana yake ni kuwa ndani ya kile kinyama hakuiona. Uvimbe una sentimita tatu, kinyama ni uzi wa milimita moja au mbili, na seli mbaya zimetawanyika kwenye kovu. Kuchukua vinyama zaidi hupunguza hatari ya kuikosa, na huongeza hatari ya kuvuja.

Kwa sababu hiyo madaktari wanaoshughulikia kongosho duniani walikubaliana, katika waraka wa kundi lao la kimataifa wa mwaka 2014, kuwa uvimbe imara ulio na dalili za saratani na unaoweza kukatwa hauhitaji kuthibitishwa kwa kinyama kabla ya kukatwa. Saratani hii ni mbaya mno. Marekani, yenye kila kifaa, wanaobaki hai baada ya miaka mitano ni kama 13 kati ya 100, na wanaofika mapema kiasi cha kuweza kukatwa ni 15 hadi 20 kati ya 100. Kumrudisha nyumbani mtu aliyekuwa bado ana nafasi, kwa sababu sindano imekosa, ndilo kosa wanalolihofia zaidi.

Upande wa pili una malipo yake. Hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani, miongoni mwa zenye uzoefu mkubwa kabisa wa oparesheni hii, ilipitia wagonjwa wake 442 waliokatwa kichwa cha kongosho, ikakuta 47 hawakuwa na uvimbe wa aina ya saratani. Zaidi ya mmoja katika kila kumi, na wengi wao walikatwa kwa kushukiwa saratani. Kwa hivyo mzee wa mtaani kwako aliyekatwa kisha akaambiwa haikuwa saratani, huenda yaliyompata yangempata hata huko.

Sisemi hivyo ili kuifanya oparesheni ionekane nyepesi. Inaitwa ya Whipple, kwa jina la daktari wa New York aliyeieleza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Kausch alikuwa ameshafanya kama hiyo mwaka 1909. Hutolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake, mara nyingi na kipande cha tumbo la chakula, kisha vilivyobaki vinaunganishwa upya mahali patatu. Zamani karibu robo ya wagonjwa walikufa kwayo. Leo kwenye hospitali zinazoifanya mara kwa mara hufa chini ya 5 kati ya 100, na zinazoifanya kwa nadra hupoteza wengi zaidi. Wanaopona, wengine hupata sukari, na wengi huhitaji vidonge vya vimeng'enya kila mlo. Vidonge hivyo hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Ni bora familia ya Kiislamu ilijue hilo mapema, imuulize daktari kama kuna badala yake, na imuulize sheikh wake kuhusu hukumu ya dharura, kuliko mgonjwa kugundua mwenyewe kwenye kijikaratasi cha dawa na kuacha kuvimeza kimya kimya huku akikonda.

Na mwenye pankriataitisi sugu isiyo na saratani ana oparesheni zake ndogo zaidi. Ya Beger, ya miaka ya 1970, na ya Frey, ya mwaka 1987, huchimba nyama iliyokufa ya kichwa cha kongosho na kuacha utumbo mdogo mahali pake. Daktari anayepanga kufanya hiyo hupeleka maabara nyama aliyoichimba akingoja simu. Simu ikisema saratani, mpango hubadilika pale pale na Whipple huanza. Mgonjwa aliyelala hana wa kuulizwa tena, kwa hivyo ruhusa ya njia zote mbili lazima iwe imetolewa kabla.

Ile niliyoahidi kuieleza, ya kinga ya mwili, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi kisu hakihitajiki. Wajapani waliipa jina mwaka 1995, na mwaka 2001 ikagunduliwa kuwa wagonjwa wengi wa aina yake kuu wana kiwango kikubwa cha kinga iitwayo IgG4 kwenye damu. Kongosho lote huvimba likawa kama soseji, macho yanakuwa manjano, na picha inashabihi saratani. Dawa za steroidi huirudisha kongosho hali yake katika wiki chache. Katika wale 47 wa Johns Hopkins, 11 walikuwa na maradhi haya. IgG4 nayo hupanda kidogo kwa baadhi ya wenye saratani, kwa hivyo steroidi si za kujaribiwa ovyo, lakini kuuliza kama kipimo hicho kimefanyika hakugharimu kitu.

Ya kuuliza kabla ya sahihi

Sisi wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, wengi hupasuliwa Mombasa au Nairobi, na wanaojaliwa na mchango mkubwa hufika India. Popote iwapo, ya kwanza kuuliza ni kama hospitali hiyo ina mashine ya kugandisha kinyama na mtaalamu wa patholojia atakayekuwepo siku hiyo, saa hiyo. Mashine bila mtu ni friji ya bei ghali. Kama hakuna, ulizeni jinsi uamuzi utakavyofanywa bila hiyo, na kama mgonjwa anaweza kupelekwa iliko. Ulizeni mpasuaji hufanya oparesheni hii mara ngapi kwa mwaka. Swali hilo si utovu wa adabu, na daktari mzuri hulijibu.

Kisha muulizeni waziwazi: kinyama kikija hakina saratani, na wewe bado unashuku, utafanya nini? Mgonjwa mwenyewe awepo jibu likitolewa. Nimeona ami na wajomba wakiamua haya koridoni huku mwenye tumbo hajui lolote, ati wasimtie hofu. Tumbo ni lake, na akiwa na akili zake timamu, jibu ni lake.

Baada ya oparesheni msiridhike na neno la mdomo kuwa kila kitu kiko sawa. Jibu la dakika 20 ni la muda, na ripoti ya kipande cha nta ndiyo ya mwisho. Ifuateni mpaka iwe mkononi. Ikiwa inasema hakuna saratani na kongosho halikukatwa, ombeni tarehe ya kurudia skani, na rudini mapema macho yakianza kuwa manjano au uzito ukishuka tena. Tena ulizeni kuhusu vile vijisanduku vya nta vyenyewe, kwani maabara huvihifadhi. Mkiwa na shaka mnaweza kuomba vipande vyake vipelekwe vikasomwe na mtaalamu mwingine, Nairobi au ng'ambo, bila mgonjwa kupasuliwa tena.